Mti Mnyoofu Hukatwa Kwanza

Fundi mmoja wa Voi, mwenye kibanda kando ya barabara ya Mwatate, ana namna yake ya kunipokea. Salamu hazijaisha, tayari amelaza mbao mbili juu ya meza yake ya kurandia. Ya kwanza imetoka Mafinga, Tanzania, ikapita mpaka wa Taveta kwa lori: paini nyeupe, imenyooka, vifundo vyake unavihesabu kwa vidole. Ya pili imeshuka kutoka milimani kwetu Taita, saiprasi ya shamba la mtu: imejipinda, na kila shubiri moja ina kifundo cheusi ambacho ukikigonga kwa nyundo kinaanguka na kuacha tundu. "Mama, mbao zenu zina macho kuliko nanasi," huniambia, kisha hucheka. Mimi hucheka nusu. Baadhi ya miti iliyozaa mbao hizo niliiotesha kwa mikono yangu, nikaiuza, na pesa yake nikalipia watoto karo.

Nimo katika kazi ya mbegu za miti tangu 1989. Nimeandika vibati, nimepandikiza, nimepanda miti kwa maana zote mbili, ya kuipanda ardhini na ya kuikwea mpaka kileleni, na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa nina kitalu changu mwenyewe juu ya Wundanyi. Mtu akisikia "mbegu bora" hufikiria mahindi. Lakini mahindi yakikudanganya, unajua baada ya miezi minne na unarudi dukani na hasira yako ingali moto. Saiprasi ikikudanganya unajua baada ya miaka kumi na mitano, na aliyekuuzia mche huenda amekwisha zikwa. Ndiyo maana biashara yetu ina wadanganyifu wengi wapole. Na mimi niliwahi kuwa mmoja wao bila kujua.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea hakuna, nikapelekwa kwa mjomba wangu Kikuyu. Jirani yake akanitafutia kibarua Muguga, kwenye taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ambayo wakati huo ilikuwa na miaka mitatu tu tangu iundwe. Nilipewa kalamu ya wino usiofutika na mkebe wa vibati vya alumini. Kila kikonyo, yaani kitawi cha kupandikiza, kilichoshuka kutoka juu ya mti kilikuwa na namba ya mti uliokizaa, na kazi yangu ilikuwa kuinakili namba hiyo bila kukosea. Nilikosea siku ya tatu. Mzee aliyetusimamia, ambaye alikuwa pale tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, alikichukua kikonyo mkononi mwangu akakitupa. "Mtoto asiyejulikana baba bado ni mtoto," akasema. "Kikonyo kisichojulikana mama ni kuni."

Sikuwa najua kwamba miti ina koo. Kwetu Taita mti ulikuwa ni mti: huu wa kuni, huu wa nguzo, huu wa kivuli. Pale Muguga nilikuta watu wanazungumza juu ya mti mmoja wa saiprasi uliosimama msitu wa mbali kama wazungumzavyo wazee juu ya binti anayechumbiwa. Wanaulizia mwenendo wake, ndugu zake, magonjwa ya ukoo wake. Walikuwa wakiutazama ulivyonyooka, wakipima unene wa matawi na jinsi yanavyotoka kwenye shina, kisha wakiulinganisha na majirani zake wakubwa wa umri ule ule. Hili la majirani ndilo lililonichukua muda kulielewa. Mti uliosimama peke yake kwenye bonde lenye rutuba unaweza kunenepa kwa sababu ya chakula tu, wala si kwa sababu ya damu. Watoto wake ukiwapeleka kwenye udongo mwembamba hawatakuwa na lolote la kuonyesha. Mti bora ni ule unaowashinda wenzake wanaokula sahani moja.

Na hata hapo, si kila sifa inashuka sawasawa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Unene hurithiwa kidogo, kwa kuwa mvua, udongo na nafasi vina sauti kubwa. Unyoofu wa shina na tabia ya matawi hurithiwa zaidi. Hesabu hizi kwa saiprasi ya Afrika Mashariki zilifanywa hapo Muguga na akina W. G. Dyson, aliyekuwa mkuzaji wa miti katika shirika la utafiti la Jumuiya; yeye na mwenzake Raunio walichapisha makadirio yao yaliyorekebishwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya yenyewe ilipovunjika. Wakati ninafika, wao hawakuwapo, lakini vitabu vyao vya namba vilikuwapo, na miti yao ilikuwapo.

Mti ukishachaguliwa, anapanda mtu hadi kileleni, anakata vikonyo, vinashushwa vikiwa vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Chini tunavipachika kwenye miche midogo, tunafunga kwa utepe wa nailoni, tunangoja. Kwa nini kileleni? Kwa sababu kikonyo kilichotoka juu ya mti wa miaka thelathini hakisahau umri wake. Hata ukikipachika kwenye mche wa mwaka mmoja, chenyewe kinajiona mtu mzima na huchanua mapema. Wakati mwingine kazi inakugomea: Dyson aliandika mwaka 1975 kwamba paini patula zilizopandikizwa zilidumaa. Wewe unataka mama wa msitu, unapata kichaka.

Vikishika, vinapangwa katika bustani ya mbegu. Mpangilio wake una sheria kama za ndoa. Nakala mbili za mti mmoja hazikai jirani, maana chavua ya huyu ikimwangukia yule, ni mti umejioa wenyewe. Ndugu nao hutenganishwa. Halafu watoto wa kila mama hupandwa mistari mistari katika mahali tofauti, mahali pa baridi, mahali pakavu, na unakaa unawatazama miaka mingi ili ujue ni mama yupi aliyekuwa akisema kweli. Mama mwongo, haidhuru awe mzuri vipi kwa sura, hung'olewa. Nimewahi kuliona panga likishuka juu ya mti nilioupenda. Watoto wake walikuwa wamepinda, kote walikopandwa.

Nilisema koo zina magonjwa yake. Saiprasi tunayopanda ni mgeni, na jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, lina uongo ndani. Maana yake ni "ya Ureno", kwa kuwa Philip Miller alipoipa jina mwaka 1768 aliijua kutokana na miti ya huko, lakini hiyo nayo ililetwa; nyumbani kwake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kenya iliipokea mwanzoni mwa karne ya ishirini. Haikuwa peke yake. Kulikuwa na binamu yake, macrocarpa, kutoka kipande kidogo cha pwani ya California, aliyependwa sana mpaka ukungu wa donda ukamla shina hata wapanda misitu wakaachana naye. Pwani hiyo hiyo ndiyo asili ya paini radiata, iliyokua hapa kwa kasi ya ajabu, hadi ukungu mwingine, Dothistroma, ulipoanza kuzikausha sindano zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upandaji wake ukasimamishwa. Watafiti Ivory na Paterson walianza kutafuta radiata zinazoustahimili ukungu huo, wakaandika matokeo yao mwaka 1970, lakini misitu ilikuwa imekwisha kuhamia kwa patula. Ukipita leo chini ya paini za Kenya, unapita chini ya washindi wa vita ambavyo karibu hakuna anayevikumbuka.

Kimoja cha vita hivyo nilikiona kwa macho. Vidukari wa saiprasi walionekana Malawi mwaka 1986, na Kenya wakafika Machi 1990. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini. Asubuhi moja ua wa saiprasi wa jirani wa mjomba ulikuwa na kiraka cha rangi ya chai. Baada ya wiki chache, kutoka Kikuyu hadi Limuru nyua zilikuwa zimegeuka kahawia kama zilizopitiwa na moto usio na moshi, matawi yananata, nyuki na sisimizi wameshangilia utamu ule. Kina mama walisema watu wamemwagiana dawa kwa ugomvi wa mipaka. Hasara ya miti iliyokufa katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ilikuja kukadiriwa kuwa dola milioni 44.

Lakini mzee wetu hakuwa akitazama miti iliyokufa. Alitutembeza kwenye ua mrefu akatuuliza, "Mnaona nini?" Tukasema, tunaona ua umekauka. Akasema, "Hesabuni tena." Katika ua ule, kati ya miti miwili mikavu kabisa, ulisimama mmoja wa kijani. Mizizi imeshikana, udongo mmoja, mpanzi mmoja, siku moja, vidukari wale wale. Tofauti yao ilikuwa ndani ya mbegu. Baadaye mtafiti S. M. Kamunya na wenzake waliyapima hayo kwa saiprasi za koo mbalimbali, na katika maandishi yao ya 1997 na 1999 walionyesha kwamba ustahimilivu huo hutofautiana kati ya koo na kwamba hurithiwa. Nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari waliletwa pia kutoka Ulaya, na walisaidia. Mimi lakini nilichobeba kutoka mwaka ule ni mti ule mmoja wa kijani. Kama ua mzima ungetokana na mama mmoja, usingesalia hata huo.

Niongeze kisa kingine, ili nisiwafanye watu wa taaluma yangu waonekane malaika. Paini zetu zina mdudu mwenye manyoya meupe kama pamba, Pineus. Alionekana Kenya mwaka 1968. Alifika kwa mlango gani? Ndani ya vikonyo vya paini vilivyoagizwa kutoka Australia kwa ajili ya kupandikizwa na kuboresha mbegu. Tulikuwa tunatafuta wakwe wazuri, tukaleta na chawa wao.

Nilirudi nyumbani mwaka 1996, nikiwa na mtoto mmoja mgongoni, akiba ndogo, na majivuno makubwa. Nikaanza kitalu kwa mifuko mia tatu. Na mimi, niliyefundishwa yote haya, mwaka 1998 nilifanya lile nililofundishwa nisifanye. Mvua za El Niño zilikuwa zimelainisha udongo na kila mtu alitaka miche. Mbegu ya Muguga ilihitaji pesa, na ilihitaji kungoja. Karibu na kwangu palikuwa na saiprasi moja, kubwa, peke yake katikati ya uwanja, matawi yakianzia magotini kama ngazi iliyojengwa makusudi. Koni zake zilijaa mpaka matawi yakainama. Asubuhi moja nilijaza magunia mawili bila hata kuchafua kanga.

Kilo moja ya mbegu za saiprasi ina mbegu zaidi ya laki moja na nusu. Ukipata theluthi moja inayoota, umefanya vizuri. Zangu hata theluthi hazikufika. Nyingi zilikuwa tupu, ganda bila kiini. Hiyo ilikuwa barua, ila sikuisoma. Baadhi ya zilizoota zilikuwa na rangi ya manjano, nikasema ni mbolea. Nikauza miche elfu nne hivi, hadi Werugha na Mgange.

Mwaka 2011 nilikwenda mazishini Mgange. Mzee mmoja akanishika mkono baada ya ibada, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Alikuwa na mistari sita ya saiprasi. Mti mmoja ulikuwa umegawanyika mara mbili kifuani, mwingine mara tatu, mwingine umepinda kama mtu anayetafuta sarafu chini. Mingine haikuwepo tena. "Mwanangu," akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "ulinipa miti au ulinipa mbuzi? Maana naona pembe tu." Hakutaka pesa. Alitaka kujua alikosea wapi: je, ni samadi? Ni kupogoa? Nikamweleza ukweli, nikiwa nimesimama pale katika nguo zangu za msiba. Mti unaosimama peke yake hauna wa kuoana naye. Upepo unachukua chavua yake na kuirudisha kwenye koni zake zenyewe. Watoto wa namna hiyo wengi hufa ndani ya ganda, na wanaoishi hubeba kila udhaifu uliokuwa umefichika kwa mzazi, mara mbili. Nilikuwa nimemuuzia watoto wa mti uliojioa.

Tangu siku ile nikaanza kuitazama milima yetu upya, na nilichokiona kilinitisha kuliko miti ya yule mzee. Uliza mchuma mbegu yeyote wa kijijini anachuma mti gani. Atakuonyesha mti mfupi, wenye matawi mengi, ulio kando ya njia, kwa kuwa ndio unaokweleka. Mti mrefu, mnyoofu, usio na tawi hadi mita nane, nani atapanda huko bila kamba? Hivyo tunachagua wazazi kwa wepesi wa kukwea. Halafu anakuja mnunuzi wa mbao. Yeye na mimi tunautafuta mti ule ule, na jicho lake si baya hata kidogo, pengine ni kali kuliko langu. Tofauti ni kwamba yeye ana pesa taslimu na mashine ya kukatia. Mti mnyoofu hukatwa kwanza. Unaobaki umesimama shambani ni ule alioukataa, na huo ndio unaomwaga mbegu miaka kumi mingine. Huko nako ni kuboresha miti, ila ni kwa kinyumenyume: kila kizazi tunawatoa wazuri, tunawaachia wabaya nyumba. Serikali ilipofunga ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na zuio likaendelea hadi 2023, wanunuzi waligeukia mashamba ya watu. Katika miaka hiyo nilipoteza mama wengi kuliko katika miaka yote ya nyuma. Siwalaumu wenye mashamba. Mtoto akiitwa chuo, mti mnyoofu ndio benki iliyo karibu.

Nisieleweke vibaya kuhusu vifundo vya yule fundi wa Voi. Si vyote vinatokana na damu. Kifundo kinachoanguka na kuacha tundu ni tawi lililokufa likaachwa juu ya mti hadi mbao ikalizunguka. Dawa yake ni msumeno wa kupogoa, mapema, tawi likiwa bado bichi. Jeni nzuri haishiki msumeno. Nimeona miche ya bustani bora kabisa ikipandwa kwa mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, miche 1,600 kwa hekta kama inavyotakiwa, kisha haikupunguzwa wala kupogolewa, ikawa msitu wa fito. Mwenye shamba akaja kuilaumu mbegu. Nilimwambia: samaki hukunjwa angali mbichi, nawe ulikuja na moto baada ya miaka ishirini.

Siku hizi nina daftari. Lina kurasa za miti mama, kila mmoja na namba yake, shamba ulipo, umesimama na nani, ulivyozaa mwaka gani. Sichumi kutoka kwenye mti mmoja hata ukinisihi. Nachanganya koni za miti ishirini na mitano au zaidi, na kati ya mti na mti naacha kama mita mia, ili nisichume kutoka kwa ndugu wa tumbo moja. Sichumi mti wa peke yake, na sigusi mti uliopakana na mibaya, kwa sababu nusu ya mtoto inatoka kwa baba, na baba hapa ni upepo. Msimu wa chavua ukiingia, ukilitikisa tawi la saiprasi litakufukiza moshi wa manjano. Huo moshi wote ni wanaume. Mama nimemchagua mimi. Baba kachaguliwa na hewa.

Wanafunzi wa sekondari wanaponitembelea huwa ninawapa kichekesho kimoja cha elimu hii. Katika paini, zile chembe za kijani zinazopika chakula kwenye jani hurithiwa kutoka kwa baba. Wavulana hushangilia. Nawanyamazisha kwa kuwaambia kwamba akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu, inayomlisha kinda mpaka aone jua, ni ya mama peke yake, baba hana hata punje. Kisha nawasimulia saiprasi ya Tassili n'Ajjer, katika jangwa la Algeria, mti uliobaki mia mbili na kitu tu porini. Mtafiti Pichot na wenzake waligundua, wakachapisha mwaka 2001, kwamba kinda lake hutokana na chavua pekee. Mti unaoibeba mbegu ni yaya tu. Sijui nifanye nini na habari hiyo kitaluni, lakini haijawahi kuwachosha wanafunzi hata siku moja.

Watu wa mazingira hunijia na swali lao, na wana haki. Paini na saiprasi zinafanya nini kwenye milima ambayo ina miti na ndege wasiopatikana penginepo duniani? Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walilinganisha picha za angani za 1955 na 2004, wakakuta nusu ya msitu wa asili wa milima yetu imetoweka, hekta 260, ilhali eneo lenye miti kwa jumla lilipungua kwa asilimia 2 tu. Maana yake, ukitazama kutoka mbali milima bado ni ya kijani, lakini kijani kimebadilishwa: paini, mikaratusi, saiprasi. Apalis wa Taita, mmoja wa ndege hao, hadanganyiki kwa jina la msitu, anajua tofauti. Mimi msimamo wangu ni huu, na wenzangu wengine hawaupendi: saiprasi ikae shambani kwa mtu, ikatwe, ipandwe tena, iwe bora mwaka hadi mwaka ili hekta moja itoe mbao za hekta mbili. Kwenye chemchemi na kando ya misitu ya Ngangao, Chawia au Mbololo haina kazi. Nimekataa kuuza miche ya paini kwa kikundi kilichotaka kuipanda juu ya chanzo cha maji, na sikupoteza usingizi.

Podo ni habari nyingine. Hiyo ndiyo ndugu ya asili ya miti hii ya sindano na koni hapa kwetu, ingawa yenyewe haina koni ya kuonyesha watu. Mbegu yake ni kama tunda, na ndege huila na kuisambaza. Bado imo katika vipande vya msitu vilivyosalia, na kwenye fighi, misitu ya heshima ambamo wazee hawakuruhusu shoka. Podo ina mti dume na mti jike, mbalimbali. Basi piga hesabu: msitu umebaki kipande, podo zimebaki chache, na mkata mbao wa zamani hakuuliza dume ni upi. Nimewahi kumkuta jike mkubwa, miaka mitatu mfululizo hana mbegu hata moja nzima. Mbegu zenyewe hazipendi kukaushwa na kuwekwa ghalani kama za saiprasi. Unaziokota, unazipanda, hakuna kungoja bei. Kwenye podo sichagui mnyoofu wala mnene. Nachukua kidogo kwa kila jike ninayempata, mfupi na mrefu, mzuri na mbaya, kwa sababu hapa sitafuti mbao. Natafuta koo zisipotee.

Na wewe wa Voi unayenipigia simu kila Novemba ukitaka saiprasi kwa ua wako: nitakuuzia kitu kingine. Voi iko chini ya mita 600, joto lake litaichosha saiprasi kabla haijafika dirishani. Uliza mukau, mti ambao KEFRI na Wajapani wa JICA walianza kuuchagulia miti mama inayostahimili ukame tangu 2012, bustani zake ziko Tiva na Kibwezi. Ukinunua mche wowote, kwangu au kwa mwingine, uliza maswali mawili: mbegu ilichumwa wapi, na kutoka miti mingapi? Muuzaji akisema "mbegu ni mbegu", rudisha pesa mfukoni.

Na mwenye shamba huku juu, kabla hujamwita mwenye mashine, niite mimi. Sizuii mti wako kukatwa. Nataka niwepo unapoanguka. Juma lililopita mti namba 7 katika daftari langu, mita ishirini na kitu bila kona hata moja, uliuzwa na mama mmoja wa Werugha kwa ajili ya paa. Alinipigia jioni iliyotangulia. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikangoja, na ulipolala chini nikatembea juu ya kilele chake kwa miguu, mahali ambapo siku zote nilipafikia kwa kamba. Nilitoka na gunia moja na nusu la koni. Sasa zimeanikwa juu ya turubai pamoja na za miti mingine thelathini, na kuanzia saa nane mchana, jua likikolea, unazisikia zinapasuka.